Nyumba ya Goba na Kibanja cha Nyumbani

Hotuba ya Kamati Tendaji kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Desemba 2019

Waheshimiwa wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama mliotoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, Kampala na kwingineko, na ninyi mliobaki hapa nyumbani mkitutunzia migomba: waitu, tunawasalimu. Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha Desemba nyingine. Tunajua kuna waliokaa kwenye basi siku nzima na zaidi, miguu bado imevimba, na kuna ambao macho yao yako kwenye senene kuliko kwenye meza hii. Kwa hiyo salamu zetu ni fupi.

Mwaka huu mmetuomba tueleze jambo moja tu. Nyumba ya chama iliyoko Goba imeuzwa. Mnataka kujua kwa nini imeuzwa shilingi milioni 85, wakati sote tulikuwa tukisema ina thamani ya milioni 150. Maneno yamekuwa mengi kwenye simu. Wengine wamesema kamati imekula. Hatukasiriki. Pesa ya chama ni pesa ya watu, na mwenye mali ana haki ya kuuliza. Tutaeleza yote, na vitabu vya mhazini viko hapa mezani kwa anayetaka kuvifungua.

Lakini hatukuja kujitetea tu. Tuliyojifunza Goba yanawahusu wengi mlioketi hapa, kwa sababu wengi wenu mna nyumba Mbezi, Madale, Chanika au Kigamboni, mnatamani kuiuza mrudi nyumbani, na mnunuzi haonekani.

Tulivyonunua

Mnaokumbuka mkutano wa 2014 mnakumbuka pia furaha ya siku ile. Tulikuwa na akiba ya ada na michango ya miaka kadhaa. Wazo lililotawala lilikuwa moja: pesa ikikaa benki inaliwa na mfumuko wa bei, ikikaa kwenye nyumba inazaa. Dar es Salaam ilikuwa inakimbia kuelekea pembezoni. Aliyenunua kiwanja mwaka huu, mwakani aliambiwa bei imepanda. Mashirika makubwa nayo yalikuwa yakijenga: Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa na maghorofa yake Kawe, na NSSF ilikuwa na mji wa Dege kule Kigamboni. Nani angetuambia tunakosea?

Tukanunua pagala Goba kwa milioni 62. Tukapaua, tukapiga lipu, tukaweka madirisha, vyoo, umeme na tangi la maji. Kazi hiyo ilimeza milioni 41. Jumla milioni 103. Mwanzoni mwa 2015 tukapata mpangaji wa shilingi 700,000 kwa mwezi, akalipa miezi sita mbele. Kodi hiyo ndiyo tuliyopanga ije kujenga wodi ya wazazi kwenye zahanati yetu, ambayo hutumiwa na vijiji vyetu vya huku mpakani mwa Bukoba Vijijini na Muleba. Mwaka huohuo dalali mmoja alituambia nyumba ile sokoni haipungui milioni 150. Hakuleta mnunuzi, alileta neno tu. Lakini neno lile tuliliandika kwenye taarifa ya mwaka, na tangu siku ile likawa mali yetu.

Soko lilivyonyamaza

Mwishoni mwa 2015 na mwaka 2016 hali ilibadilika. Serikali mpya ilibana matumizi. Safari na semina zikakatwa. Fedha za taasisi za umma zikaanza kutolewa kwenye benki za biashara na kupelekwa Benki Kuu. Julai 2016 ikatangazwa kwamba Serikali nzima inahamia Dodoma. Aliyetaka kukopa benki alikutana na riba ya asilimia 17 au zaidi. Mitaani watu wakawa na usemi mmoja: vyuma vimekaza.

Mpangaji wetu alikuwa na kazi ya kupika chakula kwenye semina. Semina zilipokatwa, naye akakatika. Aliondoka akiwa na deni la miezi miwili, na hatukuwa na moyo wa kumfuata. Aliyemfuatia alitaka kulipa 400,000 kwa mwezi, tena mwezi kwa mwezi. Tukamkatalia. Nyumba ikakaa tupu. Wakati huo hata ile miradi mikubwa ya Kawe na Dege ilisimama, maghorofa yakabaki mifupa.

Hapa kuna jambo tungependa kila mwanachama alishike. Kule Marekani bei za nyumba zilipoporomoka kuelekea mwaka 2008, kila mtu aliona. Kwa nini? Kwa sababu nyumba nyingi kule hununuliwa kwa mkopo. Mkopaji akishindwa kulipa, benki huichukua nyumba na kuiuza kwa bei itakayopatikana, na bei hiyo jirani anaisikia. Sisi hatujengi hivyo. Mikopo ya nyumba nchini kwetu ni ya watu wachache mno. Sisi hujenga tofali kwa tofali, mwaka huu msingi, mwaka kesho lenta, mwaka unaofuata bati. Hakuna benki inayomsukuma mwenye nyumba auze. Anaandika kwenye ukuta namba ya simu na maneno "nyumba hii inauzwa", kisha anasubiri. Jirani yake naye anasubiri. Kwa hiyo mdomoni bei haishuki. Wanaopungua ni wanunuzi.

Soko letu likipoa halipigi kelele. Linanyamaza. Na sisi tuliusikia ukimya ule tukauita subira.

Siku tuliyokataa

Mei 2017 alipatikana mnunuzi. Alikuwa mstaafu aliyepokea kiinua mgongo. Aliikagua nyumba mara tatu, akaja na fundi wake, akaleta na mkewe. Akasema atatoa milioni 118, zote kwa mkupuo, ndani ya wiki mbili. Tuliitisha mkutano wa dharura Dar es Salaam. Walihudhuria wanachama 61. Tukajadili saa tatu.

Tunasoma kutoka kwenye muhtasari wa siku ile. Mjumbe mmoja alisema tukiuza 118 tutakuwa tumepoteza milioni 32. Mwingine alisema jirani yetu wa upande wa juu ameuza kwa 150. Mwingine akasema mtu anayekuja na pesa taslimu wakati huu ana haraka, tukimkazia ataongeza. Tulipopiga kura, 57 walikataa na wanne walikubali. Sisi wa kamati tulikuwa miongoni mwa wale 57, mikono yetu ikiwa juu kuliko ya wengine.

Nchi nzima hututania kwamba sisi ni nshomile, watu tuliosoma. Siku ile kulikuwa na shahada nyingi mle ukumbini. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza: huyo jirani aliyeuza 150, mkataba wake nani ameuona? Baadaye tulikuja kujua kwamba jirani hakuwa ameuza. Alikuwa anatangaza tu, kama sisi.

Na zile milioni 32 tulizosema tunazipoteza hatukuwahi kuwa nazo. Tulikuwa tumetoa mfukoni 103. Mtu alikuwa anatupa 118. Ilikuwa faida, sisi tukaiita hasara, kwa sababu tulipima kwa neno la dalali badala ya kupima kwa risiti zetu.

Mstaafu yule alisubiri siku kumi, akaenda kununua kwingine. Wale wanne waliokubali tuliwaona kama watu wa kukata tamaa. Leo, mbele ya mkutano huu, tunawaomba radhi.

Baada ya hapo tulikaa miezi 26. Madalali walikuja watatu. Mmoja alikuwa akiwatoza watu ada ya kuonyeshwa nyumba, na wengi wa aliowaleta walikuja kutazama tu. Nyumba isiyokaliwa huzeeka haraka kuliko inayokaliwa. Rangi ilibabuka, tangi likapasuka, mchwa wakaingia kwenye fremu. Mlinzi alilipwa kila mwezi alinde nyumba isiyoingiza kitu. Julai mwaka huu alipatikana mnunuzi wa milioni 85. Safari hii kamati haikurefusha maneno. Tuliomba ridhaa ya bodi ya wadhamini, tukaipata, tukauza.

Hesabu ni hizi. Bei ya kuuzia, shilingi 85,000,000. Dalali asilimia 5, shilingi 4,250,000. Mlinzi kwa miezi 26, kila mwezi shilingi 150,000, jumla shilingi 3,900,000. Matengenezo, kodi ya jengo na umeme, shilingi 850,000. Zilizobaki ni shilingi 76,000,000, na ziko kwenye akaunti ya chama.

Kumaliza wodi ya wazazi, ambayo kuta zake mnaziona pale zahanati zimefika kwenye lenta, kunahitaji milioni 110. Tungeuza Mei 2017, baada ya kumlipa dalali tungebaki na milioni 112 na laki moja. Leo tusingekuwa tunahutubia, tungekuwa tunakata utepe. Hilo ndilo lililotuuma, na ndilo tunalotaka liwafikie kabla nanyi hamjarudi kwenye nyumba zenu mnazozitangaza.

Siku tulipokaribia kuuza kibanja

Kuna jambo jingine ambalo wengi hamkulisikia. Mwaka 2018, nyumba ilipogoma kuuzwa, lilikuja wazo ndani ya kamati. Mnajua kipande cha kibanja kilicho nyuma ya zahanati, ambacho ukoo mmoja ulikitoa miaka mingi iliyopita ili zahanati ipate pa kupanukia. Tukasema, tuuze sehemu yake, tupaue wodi, kisha nyumba ya Goba ikiuzwa tutanunua kipande kingine. Nyumba ilikuwa imekaa mwaka mzima bila mnunuzi. Kibanja kilipata mnunuzi ndani ya siku sita.

Kasi ile ilipaswa kututia shaka, badala yake ikatufurahisha. Bahati nzuri habari zilimfikia bibi mmoja wa ukoo ule. Alikuja kwenye kikao akiwa na fimbo yake, akakaa, akasema, "Wanangu, mlipewa kutunza. Hamkupewa kuuza." Hakuongeza neno. Tuliahirisha kikao, na mpaka leo hatujakirudia.

Tumetafakari sana kwa nini kibanja huuzika haraka hivyo. Jibu letu ni kwamba bei ya kibanja hapa kwetu mara nyingi haipangwi na udongo. Inapangwa na shida ya muuzaji. Mtu anauza kwa sababu kuna mgonjwa, kuna ada, kuna msiba, kuna kesi. Mnunuzi analijua hilo, naye anakuja na pesa mkononi. Mwaka ambao kahawa inalipa vibaya, au mnyauko unapopita kwenye migomba, shida huwapata watu wengi kwa pamoja. Wauzaji huongezeka kwa mkupuo, na wanunuzi ni walewale wachache. Hapo kibanja chenye mibuni na migomba ya miaka arobaini kinaondoka kwa bei ya pikipiki.

Ndugu wanachama, tunajua wapo mlioko mijini mnaofanya vilevile tulivyotaka kufanya sisi. Nyumba ya mjini imegoma, madeni yamebana, basi unakumbuka sehemu yako ya kibanja cha baba. Unampigia simu mdogo wako, mnauza kimyakimya, pesa inakwenda kulipa deni la nyumba ambayo bado unaitangaza kwa bei ya 2014. Kwa maneno mengine unauza kitu kisichorudi ili kulinda bei isiyokuwepo. Mjini viwanja vipo kila siku. Lakini kibanja chenye makaburi ya babu zako, kilichotiwa samadi kizazi baada ya kizazi mpaka udongo ukawa mweusi, hukipati tena kwa pesa yoyote. Ukihamia kwenye rweya utaanza upya, na rweya haizai ndizi kwa sababu tu umeipenda.

Funzo la Kashasha

Tunaposema haya hatumaanishi kwamba kibanja hakiuzwi kabisa. Wilaya yetu ya Muleba imeingia kwenye vitabu vya sheria vya Tanzania, na hata vya nje, kwa sababu ya kibanja kimoja kilichouzwa. Wanasheria huiita kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Inafaa vijana wetu waijue.

Mama mmoja alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Umri ukaenda, akaona anazeeka na hana wa kumtunza. Agosti 1988 akaliuza shamba lile kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, ndugu wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akisema kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikapindua. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ambayo mwanamume anayo haiwezi kusimama mbele ya Katiba inayokataza ubaguzi. Mauzo yale yakawa halali. Ukoo nao haukufungiwa mlango: ndugu aliyetaka shamba lirudi angeweza kulikomboa kwa kurudisha ile bei ya 300,000.

Tunatoa mafunzo matatu hapo. La kwanza, dada zetu wana haki juu ya ardhi sawa na sisi. Anayeuza kibanja cha baba bila kuwashirikisha dada zake kwa madai kwamba wameolewa, anajitafutia kesi na anamuuzia mnunuzi kesi.

La pili, ukoo unaosema "kibanja chetu hakitoki" uwe na pesa. Kulia hakukomboi shamba. Ndugu akibanwa na shida, wa kwanza kuitwa wawe ndugu, nao waje na bei ya haki, wasije na bei ya kindugu ambayo maana yake ni ya bure.

La tatu ndilo zito zaidi. Mama yule hakuuza kwa tamaa. Aliuza kwa sababu alikuwa anazeeka na hakuona wa kumshika mkono. Siku moja tu baada ya mauzo, ndugu alipatikana wa kwenda mahakamani. Tujiulize, siku moja kabla ya mauzo, nani alipatikana wa kumletea maji? Bibi na babu zetu waliobaki peke yao kwenye vibanja, huku watoto wako Dar es Salaam wakisubiri milioni 150, ndio watakaouza kesho. Na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Nyumba za Desemba

Neno moja kuhusu nyumba tunazojenga hapa. Kila Desemba tunaona paa mpya za rangi katikati ya migomba. Ni jambo zuri, linaleta heshima, na hatumkatazi mtu. Lakini tusijidanganye kwamba ni akiba. Nyumba ya milioni 80 katikati ya kibanja haina soko, kwa sababu huwezi kuiuza bila kuuza kibanja chenyewe, na mwenye milioni 80 atajenga kwao, hatakuja kununua kwenu. Jenga ya kukaa. Jenga ya kiasi chako. Na jenga imara. Septemba 10, 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitufundisha: watu 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaharibika, na shule zetu za Ihungo na Nyakato zikabomoka. Nondo na lenta nzuri ni bora kuliko vigae vya kupendeza.

Tunayowashauri

Kutokana na makosa yetu, tunawaachia ushauri huu.

Kwanza, unapouza, anza na risiti zako. Andika umetoa kiasi gani tangu kiwanja mpaka bati, kisha ulizia nyumba zilizouzwa kweli mtaani kwako mwaka huu, siyo zinazotangazwa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hushuhudia mauzo mengi, anaweza kukusaidia kuliko dalali.

Pili, hesabu gharama ya kusubiri. Mlinzi, matengenezo na kodi uliyokosa ni bei unayolipa kila mwezi. Kama nyumba haijauzika, ipangishe kwa bei iliyopo. Tungemkubali yule mpangaji wa 400,000, kwa miezi 26 tungekusanya zaidi ya milioni 10, na mchwa wasingepata nafasi.

Tatu, unaponunua, soko likiwa limepoa ndiyo nafasi yako ya kuuliza maswali. Nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe hati au ofa ni ya nani. Uliza hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 tuliona nyumba nyingi zikivunjwa kando ya barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda mbele, na baadhi ya waliovunjiwa walikuwa wamenunua kwa watu waliokuwa na karatasi mkononi.

Nne, mwenzi wako ajue. Tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Na ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, haihamishwi kwa karatasi ya watu wawili waliokutana barabarani. Halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Mauzo ya kimyakimya ni mauzo ya kesi.

Tano, kumbuka Serikali ina fungu lake. Ukiuza kwa faida, kuna kodi ya asilimia 10 ya ile faida, na bila kuilipa jina halihamishwi. Hapo risiti za ujenzi zina kazi tena, kwa sababu ndizo zinazoonyesha faida yako halisi.

Sita, usiuze cha nyumbani kuokoa cha mjini. Ukilazimika kuchagua, shusha bei ya Goba.

Ombi letu

Sasa tufike kwenye lililotukutanisha. Tuna milioni 76. Tunahitaji 110. Pengo ni milioni 34. Hatutauza kibanja cha zahanati, na hatuna nyumba nyingine ya kuuza. Tulichobaki nacho ni ninyi.

Wodi ile imesimama kwenye lenta kwa muda mrefu. Mvua za masika zikiinyeshea mara moja tena, matofali ya juu itabidi yabomolewe. Mama zetu wanaopata uchungu usiku bado wanapandishwa pikipiki kwenda mbali kutafuta kitanda. Wapo waliojifungulia njiani, na mnawajua kwa majina.

Kwa hiyo tunaomba ahadi zenu leo, kabla hamjatawanyika. Mwenye uwezo wa bati, aseme bati ngapi. Mwenye mifuko ya saruji, aseme mifuko. Mwenye fedha, mhazini yuko na kitabu cha risiti, na namba ya akaunti imebandikwa mlangoni. Mliopo nyumbani, tunajua vyuma vimekaza kwenu kuliko kwetu. Tunawaomba siku za msaragambo, kama mlivyofanya kwenye msingi, na siku ya mtu tutaiandika kwenye kitabu kilekile zinamoandikwa milioni za wengine.

Nasi kamati tunatoa ahadi yetu. Kila shilingi itakayoingia itasomwa kwenye mkutano wa Juni. Na kama siku moja chama kitapata tena kitu cha kuuza, tutawaletea bei ya mtu aliyesimama mbele yetu na pesa yake, siyo bei ya uvumi. Mkiikataa, muikatae mkiwa mmeiona hesabu.

Yule bibi wa fimbo yupo hapa leo, ameketi safu ya mbele. Ametuambia asubuhi kwamba anataka kuiona wodi ikiwa na paa kabla hajaondoka duniani, na kwamba ameshachagua kona ya kupanda mgomba. Tusimchelewishe.

Karibuni mezani.